Phnom Penh 1993: mamlaka ya maji iliyoanza kwa kuhesabu mali yake

Mwaka 1993, vitabu vya Mamlaka ya Maji ya Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, vilionyesha wateja 26,881. Waliofungiwa dira za kupimia maji kati yao walikuwa 3,391. Wengine wote walilipa kwa makadirio, na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye mamlaka ya maji anajua makadirio yanavyokadiriwa. Mitambo ilizalisha mita za ujazo 65,000 kwa siku, na asilimia 72 ya maji hayo haikuingia kwenye ankara ya mtu yeyote: mengine yalivujia ardhini, mengine yaliibwa. Kwa asilimia 28 iliyobaki ankara zilitoka, lakini fedha iliyokusanywa ilikuwa asilimia 48 tu ya kilichodaiwa. Zidisha hizo mbili. Katika kila lita 100 zilizotoka mtamboni, zilizorudisha fedha ni lita 13 na ushei.

Miaka 15 baadaye upotevu katika mji huohuo ulikuwa kama asilimia 6, kiwango ambacho miji mingi ya Ulaya haijakifikia. Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya mkurugenzi mwadilifu aliyepambana na rushwa. Mkurugenzi huyo alikuwepo kweli na nitamtaja. Ila mimi nakisoma kama kisa cha usimamizi wa mali. Mamlaka ilijua kwanza inamiliki nini na nani ameunganishwa wapi, ndipo ikapanga, ikatoza na kuripoti. Mamlaka nyingi hufanya kinyume: mpango mkakati huandikwa kwanza, ukapigwa picha na kuzinduliwa, halafu rejista ya mali hutafutwa siku mkaguzi anapobisha hodi.

Kilichorithiwa

Huduma ya maji ya Phnom Penh ilianza mwaka 1895, enzi za Wafaransa. Aprili 1975 wapiganaji wa kikomunisti wa Khmer Rouge waliuteka mji na kuwafukuza wakazi wote, ukakaa karibu mtupu hadi 1979. Wahandisi na mafundi wengi waliuawa au hawakurudi. Waliorudi walikuta mitambo iliyotelekezwa, mabomba ya chuma yaliyozeeka, na mtandao wa karibu kilomita 280 ambao kumbukumbu zake zilikuwa zimepotea au kupitwa na wakati. Mtu anaweza kuona pampu na tangi. Bomba la chini halionekani, na aliyelilaza akishakufa na ramani ikapotea, mali hiyo ipo lakini haijulikani ilipo.

Hadi 1993 maji yalitoka kwa muda wa saa 10 tu kwa siku, na yalimfikia mkazi mmoja kati ya wanne. Msukumo ulikuwa baa 0.2, yaani wa kuyapandisha maji mita mbili tu. Ghorofa ya kwanza haifikiki kwa msukumo huo. Watu wakajitafutia dawa yao: walichimba matangi chini ya usawa wa barabara ili maji yajitiririkie yenyewe, kisha wakayavuta juu kwa pampu. Kwa mwenye nyumba lilikuwa suluhisho, kwa mtandao lilikuwa balaa. Pampu ikinyonya kutoka kwenye bomba lisilo na msukumo, maji machafu ya ardhini huingia kupitia kila tundu. Bomba lilelile likawa linavujisha maji safi saa za huduma na kunyonya uchafu saa za mgao.

Kwa wafanyakazi, mamlaka ilikuwa na watu 22 kwa kila wateja 1,000. Mishahara haikutosha kula, hivyo baadhi yao waliuza miunganisho kinyemela na fedha ikaishia mifukoni mwao. Sisi tunawaita vishoka. Tofauti ni kwamba kule kishoka alikuwa na kitambulisho cha mamlaka.

Kuhesabu kwanza

Ek Sonn Chan, mhandisi wa umeme kwa taaluma, aliteuliwa kuiongoza mamlaka mwaka huo wa 1993. Mwaka huohuo wataalamu wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, waliandaa mpango kabambe wa maji wa mji. Ufaransa, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia na Umoja wa Mataifa nao waliingia na fedha. Kwa hiyo mpango ulikuwepo na fedha ilikuwa njiani. Kwa hali hiyo mamlaka nyingi zingekimbilia mtambo mpya, kwa sababu mtambo unakatwa utepe na waziri. Phnom Penh ilipeleka wafanyakazi mitaani nyumba kwa nyumba, kazi iliyochukua takriban mwaka mzima, kuuliza swali moja: wewe unapata maji yetu au hupati?

Majibu yaliaibisha. Kulikuwa na wateja hewa kwenye vitabu, majina yanayodaiwa ankara mwezi hadi mwezi bila tone la maji. Na kulikuwa na nyumba zinazooga, kufua na kumwagilia bustani ambazo hazikuwa kwenye kitabu chochote. Orodha ilisafishwa, ikaingizwa kwenye kompyuta na kufungwa pamoja na mfumo wa ankara. Tangu hapo kila muunganisho ukawa na mahali, mwenyewe na dira.

Hapa nisimame kidogo, maana watu wa mipango hupaona padogo. Orodha ya wateja huwekwa idara ya biashara, rejista ya mali idara ya ufundi, na hizo mbili hazionani. Lakini muunganisho wa nyumba ni mali. Una valvu, bomba dogo na dira, vyote vinachakaa, na ndipo sehemu kubwa ya mivujo hutokea. Asiyejua ana miunganisho mingapi hajui ana mali kiasi gani, na wala hawezi kukokotoa upotevu wake. Hata ile asilimia 72 ya mwaka 1993 tuichukue kwa tahadhari. Ilitoka kwenye mtandao ambao dira zake zilifika kwa asilimia 13 tu ya wateja, basi yenyewe ilikuwa nusu kipimo na nusu kisio. Takwimu za miaka ya baadaye ni ngumu zaidi, kwa sababu kila muunganisho ulikuwa na dira. Meneja anayeogopa kufunga dira kwa kuwa asilimia ya upotevu itapanda kwenye ripoti ijayo asishangae ikipanda kweli. Haikupanda siku hiyo. Ilikuwa juu siku zote, hakuna aliyekuwa akiiona.

Kufunga dira hakukuwa kazi ya bisibisi na spana peke yake. Ek Sonn Chan amesimulia siku aliyokwenda na watu wake kufunga dira kwenye nyumba ya jenerali mmoja wa jeshi. Jenerali alikataa, akatoa bastola na kumwelekezea kichwani. Mkurugenzi aliondoka, kisha akarudi na askari wenye silaha wapatao 20, bomba la nyumba hiyo likakatwa. Habari zilipoenea mjini, wakubwa wengine walianza kulipa. Taasisi za serikali nazo zilibanwa zilipe kama mteja mwingine yeyote, na serikali kuu iliunga mkono. Bila kuungwa mkono na waziri mkuu, askari 20 wasingepatikana. Hilo tusilifiche tunapokisifu kisa hiki.

Wafanyakazi waliouza miunganisho waliadhibiwa, na raia aliyefichua muunganisho haramu alipewa zawadi. Mishahara iliboreshwa na marupurupu yakafungwa na utendaji. Ufukuzaji wa jumla haukutokea, na hesabu zinathibitisha. Watu 22 kwa kila wateja 1,000, ukiwa na wateja 26,881, ni kama watu 590. Katikati ya miaka ya 2000 uwiano ulikuwa watu 4 kwa kila wateja 1,000, na wateja walikuwa kama 147,000, idadi inayotupa tena watu kama 590. Idadi ya wafanyakazi imebaki palepale, wateja wameongezeka zaidi ya mara tano.

Kanda na usiku wa manane

Desemba 1996 serikali ilitoa amri ndogo iliyoifanya mamlaka kuwa shirika la umma linalojitegemea, lenye bodi yake, mishahara yake, manunuzi yake na vitabu vya hesabu vya kibiashara. Kwa mhasibu hii ndiyo tarehe kubwa kuliko 1993. Idara ya manispaa haina sababu ya kuandika uchakavu wa mali: bomba likioza, itaomba bajeti. Shirika linalojitegemea lazima liandike kila mwaka kiasi gani cha thamani ya mabomba, pampu na majengo kimeliwa na muda, na litafute pa kukitoa. Uchakavu ukishaonekana kwenye taarifa ya mapato na matumizi, bei ya maji haipangwi tena kwa hisia.

Bei ilipangwa kupanda kwa hatua tatu. Ya kwanza ilikuwa 1997, ya pili 2001. Ya tatu haikuhitajika, kwa sababu makusanyo yalikuwa yameshapanda na upotevu kushuka kiasi cha mapato kufunika gharama. Baada ya 2001 mteja wa nyumbani alilipa rieli (fedha ya Kambodia) 550 kwa kila mita ya ujazo katika saba za kwanza, na rieli 1,270 kwa zinazozidi 50. Kuanzia 1999 kaya maskini zilipewa ruzuku ya kuunganishiwa maji, kutoka asilimia 30 hadi 100 kutegemea hali yao, na waliobaki na deni walilipa kwa awamu. Maskini asiye na bomba alikuwa akinunua maji kwa wachuuzi kwa bei ya juu kuliko tajiri mwenye bomba, jambo ambalo mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa.

Kazi ya ufundi iliyofuata ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwa msaada wa wataalamu wa mji wa Kitakyushu, Japani, ulioanza 1999, mtandao uligawanywa katika kanda 41, kila moja ikiwa na vipimo vya mtiririko na msukumo vinavyotuma takwimu makao makuu. Faida yake huonekana saa nane au tisa usiku. Mji umelala, hakuna anayefua wala kupika. Kanda yenye nyumba za kawaida inapaswa wakati huo kuvuta maji kidogo mno. Ikiendelea kuvuta mengi, kuna bomba linamwaga, na fundi anajua kanda ipi kabla hajapanda pikipiki. Anakwenda na fimbo ya chuma ya kusikilizia, anaiweka juu ya valvu na sikio upande wa pili, anasikia mlio, anasogea valvu inayofuata, mlio unapanda au unashuka. Mtandao usiogawanywa hauwezi kutafutwa hivyo. Mtu atatembea kilomita zote akisubiri maji yajitokeze juu ya lami, na mivujo mingi haijitokezi kamwe.

Timu za mivujo zilikaa zamu saa 24. Na kila kanda ilikuwa na watu wanaoulizwa upotevu wake. Ripoti ikisema "upotevu wa mji ni asilimia 30", hakuna mtu wa kuamka usingizini. Ikisema kanda fulani imepanda kutoka 12 hadi 19 tangu mwezi uliopita, kuna watu wenye majina wanaotakiwa kueleza. Kumbukumbu za mivujo kwa kanda pia huonyesha ni bomba gani limezibwa mara nyingi kiasi kwamba kuliziba tena ni hasara kuliko kulibadilisha. Mpango wa ubadilishaji mabomba unapaswa kutoka hapo. Mabomba ya zamani yaliondolewa hatua kwa hatua, na mtandao ukavuka kilomita 1,000.

Hesabu inasema nini

Kufikia katikati ya miaka ya 2000, uzalishaji ulikuwa mita za ujazo 235,000 kwa siku, maji yalitoka saa 24, yalifikia asilimia 90 ya wakazi wa eneo la huduma, upotevu ulikuwa kama asilimia 8 na makusanyo asilimia 99.9. Tuzo zilifuata: Ramon Magsaysay kwa Ek Sonn Chan mwaka 2006, na tuzo ya Stockholm ya sekta ya maji kwa mamlaka mwaka 2010.

Weka tuzo pembeni, chukua kikokotoo. Mwaka 1993 maji yaliyoandikiwa ankara yalikuwa asilimia 28 ya 65,000, sawa na mita za ujazo 18,200 kwa siku. Baadaye yakawa asilimia 92 ya 235,000, sawa na 216,200. Uzalishaji umekua mara 3.6, maji yaliyouzwa yamekua mara 12. Kama upotevu ungebaki asilimia 72, kuuza 216,200 kungehitaji mitambo ya kuzalisha karibu 772,000 kwa siku. Tofauti ya zaidi ya mita za ujazo 500,000 ni mitambo ambayo Kambodia haikujenga, mikopo ambayo haikukopa na umeme ambao haukuchomwa. Mwenye mamlaka yenye upotevu mkubwa anayeomba mkopo wa chanzo kipya anaomba fedha ya kujaza pakacha maji.

Aprili 2012 mamlaka ilikuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Kambodia. Tangu hapo taarifa zake za fedha husomwa na wenye hisa, si wizara pekee. Nina shaka kidogo na hatua hiyo. Mwenye hisa hutaka gawio la mwaka huu, bomba linataka fedha ya mwaka wa 40. Bei ya maji, ambayo wanasiasa hawakutaka kuigusa, ilikaa bila kupanda kwa zaidi ya miaka 10 baada ya 2001, huku mji ukitanuka kwa kasi. Mwishoni mwa muongo wa 2010 mitaa ya pembezoni ilianza tena kulalamikia msukumo mdogo na upungufu wa maji wakati wa kiangazi. Mtambo mpya wa Bakheng ulifunguliwa 2023 kwa awamu ya kwanza ya mita za ujazo 195,000 kwa siku, huku lengo la awamu zote mbili likiwa 390,000. Safari hii chanzo kipya kilihitajika kweli, maana hakukuwa na asilimia 72 ya kukamua.

Kwa anayetaka kuiga, Phnom Penh ina bahati ambazo hazinunuliki. Mji uko tambarare, pale mito ya Mekong, Tonle Sap na Bassac inapokutana. Maji ghafi yako mlangoni. Mombasa hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, na bomba refu hivyo lina namna zake za kufa ambazo kanda 41 za mjini hazigusi. Wafadhili nao walimwaga fedha nyingi Kambodia miaka ile baada ya vita, sehemu kubwa ikiwa misaada isiyorudishwa. Nchi inayokopa kwa riba ya soko haiwezi kunakili ratiba yao. Kuhesabu wateja na kufunga dira, hata hivyo, hakukungoja Mekong.

Upande ambao haukuhesabiwa

Majitaka hayamo katika sifa hizi. Mamlaka hii husimamia maji safi tu. Mifereji na mabomba ya majitaka yako chini ya manispaa, na kwa miongo yote tunayoizungumzia, maji yaliyotumika mjini, yakichanganyika na ya mvua, yalitiririka kusini hadi mabwawa na maeneo oevu ya Tompoun na Cheung Ek. Huko wakulima walilima mboga za majini, na mimea hiyo pamoja na vijidudu vilifanya kazi ambayo mtambo wa kutibu majitaka ungeifanya, bila bili ya umeme.

Mji ulipoongeza maji safi kutoka 65,000 hadi 235,000 na zaidi, majitaka nayo yaliongezeka kwa kadiri hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena. Mpango wa upande mmoja ulifanikiwa mno, upande wa pili haukuwa na mpango wa ukubwa unaolingana. Na maeneo oevu hayakuwa kwenye rejista ya mali ya taasisi yoyote. Hayakuwa na thamani kwenye vitabu, hayakuwa na uchakavu wala meneja wa kanda. Kwa mhasibu yalikuwa sifuri. Kwa mwenye kampuni ya ujenzi yalikuwa viwanja. Ziwa Boeung Kak katikati ya mji lilianza kufukiwa kwa mchanga mwaka 2008, na oevu za kusini zimefuata, kipande baada ya kipande, kuwa nyumba na barabara.

Ukitaka kuweka thamani ya oevu kwenye vitabu, hesabu yake si ngumu: kiasi cha majitaka kinachopita kwa siku, gharama ya kujenga mtambo wa kutibu kiasi hicho, na gharama ya kuuendesha kila mwaka. Manispaa ingekuwa na namba hiyo mezani siku kibali cha kwanza cha kufukia kilipoombwa, angalau mwombaji angeulizwa nani atalipia mtambo. Sasa mji umeanza kujenga mitambo ya majitaka kwa fedha za nje, kwenye ardhi ambayo bei yake imeshapandishwa na nyumba zilizojengwa juu ya mabwawa yaliyokuwa yakifanya kazi hiyo.